Kobe Aliyegongwa Mara Tatu

Nigonge?

— Gonga.

Nigonge tena?

— Gonga, tumo ndani, hatujalala.

Basi nafungua mlango, hadithi iingie. Ikikuta pa kukaa, ikae.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi zetu walizisikia kwa bibi zao, ilikuwa siku ya Jumanne, saa tisa kasorobo alasiri. Msiniulize nani alikuwa na saa. Mimi nimepewa saa tisa kasorobo, siwezi kuwapa saa tisa kamili. Kivuli cha paa kilikuwa kimelifikia jiwe la kusagia, hakijalivuka.

Siku hiyo, saa hiyo, katika kijiji cha Kigaeni, msichana mmoja jina lake Mwatumu alisikia hodi nyuma ya nyumba yake.

Kigaeni kilikuwa kijiji cha wafinyanzi. Watu wake walifinyanga mitungi, wakafinyanga vyungu, wakafinyanga mabakuli. Mwatumu naye alikuwa mfinyanzi. Mkono wake ulikuwa mzuri, lakini moyo wake ulikuwa na wasiwasi. Akifunga mlango, alirudi mara tatu kutazama kama umefungwa. Akikuambia mitungi ni kumi na moja, ujue ameihesabu, ameihesabu, na ameihesabu.

"Hodi," sauti ikasema tena.

"Karibu," Mwatumu akajibu, akafungua.

Nje alisimama Korongo, vumbi limempanda mpaka magotini. Korongo ana mabawa, jamani, nanyi mnajua. Lakini alikuwa amekuja kwa miguu, mwendo wa siku tatu, kwa sababu aliyefuatana naye hajui kuruka. Aliyefuatana naye alikuwa Kobe.

"Shoga yangu," Korongo akasema, "mvua zinahama, nami nahama nazo. Huyu nimekaa naye miaka minne, lakini hawezi kunifuata angani. Nimemwomba Nungunungu amchukue, akasema shimo lake dogo. Nimemwomba Mbuzi, akasema hagawi majani. Umebaki wewe."

Mwatumu akainama. Kwenye gamba la Kobe palikuwa na ufa. Ulianzia katikati ya mgongo, ukapinda, ukaelekea ubavu wa kulia. Pembeni mwake palikuwa na kibonde kidogo cha rangi ya jivu. Mwatumu akaupima kwa vidole. Vidole vitatu na nusu.

"Umepatwa na nini?" akauliza.

"Jembe," Kobe akasema. "Mkulima alinidhania bonge la udongo."

"Pole. Jeraha linauma?"

"Liliuma zamani. Siku hizi linawauma wanaolitazama."

Korongo akaanza kutoa maagizo. "Anakula mchunga, yale majani machungu. Anakula maua ya maboga. Hali ugali, hata akikuomba."

"Nitaomba," Kobe akasema.

"Kila siku ya tatu mtie kwenye maji ya uvuguvugu, yafike kidevuni, yasipite."

"Kidevu chake kinaanzia wapi hasa?" Mwatumu akauliza.

"Shoga, utamchosha kwa maswali kabla hajavuka kizingiti. Usimnyanyue bila kumwambia. Na usikubali mtu azibe ufa wake. Chini yake amekwisha kujifunga mwenyewe. Ukiuziba kwa juu, utamwozesha kwa ndani."

Mwatumu aliyarudia maagizo yote, moja baada ya jingine, na Korongo akaitikia moja baada ya jingine. Kisha Korongo akamtazama usoni.

"Najua sheria ya kijiji chenu," akasema. "Niahidi."

Mwatumu aliijua sheria hiyo pia. "Hatavunjwa nikiwa hai," akasema.

Korongo akamgusa Kobe kwa mdomo, polepole, akaruka, akaenda zake.

Sasa niwaambie sheria yenyewe. Katika Kigaeni, chombo chochote kilichoingia kijijini kiligongwa na Bi Sikudhani, bibi mwenye tanuri. Aligonga kwa kifundo cha kidole, na watu waliimba:

*Gonga, bibi, gonga,*
*kizima kitaimba,*
*kibovu kitanyamaza.*

Chombo kizima kililia ngiii. Chombo chenye ufa kililia pwo. Kilicholia pwo kilipelekwa kwenye jaa la vigae, kikavunjwa kwa mchi, asije mtu akadanganywa nacho.

Wala msidhani sheria hiyo ilikuwa ya upuuzi. Zamani zaidi, msafiri mmoja aliuziwa Kigaeni mtungi wenye ufa mwembamba kama unywele. Akautia maji, akaingia nyikani. Alipouinua anywe, maji yalikuwa yameishia njiani, tone kwa tone. Msafiri yule hakurudi. Tangu hapo wafinyanzi wakaapa kwamba ufa hauishi kijijini mwao.

Na pale jaani aliishi Kenge. Kila kilichovunjwa kilikuwa chake. Vigae vilikuwa godoro lake, na kama ndani ya chombo kilichovunjwa kulikuwa na kitu cha kuliwa, kilikuwa chakula chake.

Wa kwanza kumwona Kobe alikuwa Kanga, yule ndege mwenye madoadoa. Kanga hana siri. Alikimbia kutoka ua hadi ua. "Mwatumu ameingiza chombo kwa mlango wa nyuma! Kina ufa! Kina ufa!"

Jua halijashuka, Bi Sikudhani alifika na mchi begani, na nusu ya kijiji nyuma yake.

"Hodi hapa."

"Karibu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nasikia umeingiza chombo bila kugongwa."

"Si chombo, bibi. Ni Kobe."

"Kina tumbo?"

"Ana tumbo."

"Kina mgongo?"

"Ana mgongo."

"Kina mdomo?"

"Anao, na tangu asubuhi haujapata kitu."

Bi Sikudhani akawageukia watu. "Tumbo kina, mgongo kina, mdomo kina. Mimi nimefinyanga miaka hamsini, jamani. Kama hiki si chombo, basi niambieni chombo ni kipi."

Watu wakacheka. Kobe alipoona umati umemzunguka, akaingiza kichwa, akaingiza miguu, akaingiza mkia. Watu wakaimba, *Gonga, bibi, gonga*. Bi Sikudhani akainama, akagonga.

Semeni nami alivyolia.

— Pwo.

Naam, pwo.

"Kina ufa," Bi Sikudhani akasema.

"Ninao," Kobe akasema kutoka ndani.

"Una urefu wa vidole vitatu na nusu," Mwatumu akasema. "Nimeupima."

"Afadhali hubishi. Basi sheria ni hii. Chombo hugongwa mara tatu katika siku tatu, asije mtu akasema mkono wangu ulichoka. Leo Jumanne, kesho Jumatano, keshokutwa Alhamisi. Kikilia pwo mara ya tatu, mchi utamaliza maneno."

Akageuka, akaenda. Mwatumu akafunga mlango. Akarudi kuutazama mara tatu.

Siku ya pili, asubuhi, Kenge alikuja kibarazani kwa mwendo wa pole, ulimi nje ulimi ndani.

"Dada Mwatumu, nakuhurumia. Moyo wangu umepondeka."

"Una shida gani, Kenge?"

"Mimi sina shida, shida ni yako. Sikiliza. Chukua nta, changanya na masizi, ziba ufa. Kisha sugua kwa kile kijiwe chenu cha kulainishia. Hata Bi Sikudhani atauona mgongo mzima. Wafinyanzi wangapi wamefanya hivyo, wakapona?"

"Wangapi?" Mwatumu akauliza, maana alipenda kujua idadi.

"Wengi," Kenge akasema, akaondoka.

Kenge hakumwambia jambo moja. Chombo chenye ufa kilivunjwa siku ya tatu, lakini chombo kilichozibwa kwa hila kilivunjwa saa ile ile kilipogunduliwa. Kenge alikuwa na njaa. Hakutaka kungoja mpaka Alhamisi.

Mwatumu alijua. Lakini hofu ikimpanda mtu, alijualo huliona dogo. Alileta nta. Alikwangua masizi ya chungu. Akachanganya. Akaanza kupaka, upana wa kidole kimoja.

Kobe akatoa kichwa. "Mwenyeji wangu, unafanya nini?"

"Nakuficha."

"Unamficha nani?"

"Wewe, na huu ufa."

"Ukishaufunika, mimi nitakuwa mzima, au nitakuwa mtu aliyefunikwa?"

Mwatumu akakiondoa kidole, bado kina nta.

"Mara ya kwanza nilipigwa kwa sababu mtu hakuniona," Kobe akasema. "Sitaki kupona kwa sababu hiyo hiyo."

Mwatumu akakumbuka na maneno ya Korongo kuhusu kuoza kwa ndani. Akaona haya. Akachukua kijiti laini, akaibandua ile nta yote, akaufuta ufa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu.

Lakini Kenge alikwisha kukimbilia tanurini. "Bi Sikudhani, njoo uone, wanaziba. Kwa nta. Kwa masizi. Mimi nimeona kwa macho yangu."

Bi Sikudhani akaja mbio, mchi mkononi. Akalowesha kidole gumba kwa mate, akasugua mgongo wa Kobe. Nta haikuwapo. Lakini mwanzoni mwa ufa palibaki alama nyeusi, ndogo kama mbegu ya ufuta.

"Hii ni nini?"

Mwatumu angeweza kusema ni uchafu. Angeweza kusema ni vumbi. Angeweza kusema Kobe alizaliwa nayo.

"Masizi," akasema. "Nilianza kuziba, bibi. Nilipaka upana wa kidole kimoja, kisha nikabandua. Nilikosea."

Watu wakanong'ona. Bi Sikudhani akakifuta kidole gumba kwenye nguo yake. Kisha akainama. Watu wakaimba, *kizima kitaimba, kibovu kitanyamaza*. Akagonga.

— Pwo.

Naam, pwo ya pili.

"Kwa kuwa umesema kweli, sikivunji leo," Bi Sikudhani akasema. "Lakini kwa ule upana wa kidole kimoja, mitungi yako mibichi kumi na moja haitaingia katika tanuri langu Ijumaa, siku ya kuchoma. Wala Ijumaa ijayo. Wala Ijumaa yoyote."

Tanuri lilikuwa moja tu. Mfinyanzi asiye na moto ana udongo tu, na udongo kila mtu anao mlangoni kwake.

"Ila kuna njia," Bi Sikudhani akaongeza, sauti ikiwa laini sasa. "Kibebe chombo hiki wewe mwenyewe mpaka jaani, leo, kwa mikono yako. Nami nitaipanga mitungi yako katikati ya tanuri, mahali pa heshima. Wewe ni mtoto wetu. Huyu ni nani? Umemjua tangu jana saa tisa."

"Kasorobo," Mwatumu akasema.

"Nini?"

"Saa tisa kasorobo, bibi." Magoti yalikuwa yakimtetemeka, na kila mtu aliyaona. "Mitungi isiingie."

"Umesemaje?"

"Nimesema mitungi isiingie. Huyu haendi jaani."

"Mjeuri huyu," mwanamke mmoja akasema.

"Ndiyo," Mwatumu akajibu, akamchukua Kobe. "Nakunyanyua," akamwambia.

"Nyanyua," Kobe akasema, wakaingia ndani.

Siku ya tatu, Alhamisi, Mwatumu hakungoja kuitwa. Alimtia Kobe majini, maji yakafika kidevuni, hayakupita. Akamkausha. Kisha akachukua chokaa, akachora mstari mweupe kando ya ufa, huku na huku, tangu mwanzo hadi mwisho.

Kanga alikuwa amesimama juu ya ua. "Dada, akili zimekuruka? Watu huuficha ufa, wewe unauchora?"

"Nauchora usije ukaurefusha kwa mdomo wako," Mwatumu akasema. "Sasa kimbia ukawaambie kwamba tunakuja. Sema tunapita njia kuu."

Kanga akakimbia. Kazi hiyo aliipenda.

Mwatumu akamnyanyua Kobe kwa mkono mmoja, akajitwika mtungi mmoja mtupu, ule aliokuwa akitekea maji, uliokwisha kuchomwa na kuimba ngiii mbele ya wote. Akapita njia kuu, adhuhuri, jua likiwa utosini, asiwe na kivuli cha kujifichia. Watu wakatoka milangoni. Wengine wakamzomea. Wengine wakanyamaza. Miguu yake haikusimama.

Uwanja wa tanuri ulikuwa umejaa. Kenge alikuwa amekwisha kufika, ameketi mbele ya wote, anajilamba.

"Ule ubavu wa kushoto ni wangu," Kenge akamwambia jirani yake. "Na wa kulia pia. Katikati nitawaachia chungu, wale wadudu."

Mwatumu akamweka Kobe chini, mbele ya Bi Sikudhani. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Gonga."

Watu wakaimba, na safari hii waliimba kwa nguvu. Kobe akaingiza kichwa, akaingiza miguu, akaingiza mkia. Bi Sikudhani akagonga.

— Pwo.

Pwo ya tatu, jamani. Bi Sikudhani akaukamata mchi kwa mikono miwili.

"Kabla hujauinua," Mwatumu akasema, "nina swali, kwa heshima zote. Mtungi hugongwa ukiwa mtupu au ukiwa umejaa?"

"Mtupu. Hata mtoto wa juzi anajua."

"Ukiwa umejaa hulia vipi?"

Mwatumu akautua mtungi wake, akaugonga. Ngiii. Akaujaza maji kutoka pipa la tanurini, mpaka shingoni. Akaugonga tena.

— Pwo.

Naam. Mtungi mzima, usio na ufa hata wa unywele, ulilia pwo.

"Mara tatu umegonga kilichojaa," Mwatumu akasema. "Miaka hamsini unawafundisha watu wasifanye hivyo, nawe umefanya Jumanne, umefanya Jumatano, umefanya leo."

"Basi kitolewe kilichomo, nigonge kikiwa kitupu."

"Mwambie mwenyewe. Amo humo."

Bi Sikudhani akainama, akaliambia gamba, "Toka."

"Sitoki," Kobe akasema. "Hapa ni kwangu."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajiziba mdomo. Na kutoka ndani ya gamba, polepole, kwa sauti ya mchanga, Kobe akaimba:

*Gonga, bibi, gonga,*
*kitupu kitaimba,*
*kilichojaa kitanyamaza.*

Bi Sikudhani akakunja uso. "Maneno na nyimbo. Lakini ufa upo, nauona, na umeupaka chokaa. Ufa hukua. Leo vidole vitatu na nusu, mwakani vinne, na siku moja utamsaliti mtu njiani."

"Hilo ni neno la haki," Mwatumu akasema. "Bibi, njoo karibu. Unaziona hizi pete kwenye gamba, moja nje ya nyingine? Kila masika Kobe huongeza pete moja. Ufa unazikata pete za katikati, kisha unakoma hapa. Nje ya hapa kuna pete nyingine. Zihesabu."

Bi Sikudhani hakutaka kuhesabu, lakini macho ya mfinyanzi hayawezi kuuona mstari yakauacha. Akahesabu. Watu wakahesabu naye. Hesabuni nasi.

— Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Saba.

"Saba," Mwatumu akasema, "na zote nzima. Masika saba tangu jembe, ufa haukusogea hata upana wa uzi, naye amekuwa mkubwa kuuzidi. Nionyesheni mtungi uliopasuka kisha ukaendelea kukua. Mmoja tu. Mkinionyesha, nitambeba Kobe mpaka jaani mwenyewe."

Wafinyanzi walitazamana. Mtungi wa namna hiyo hakuna aliyewahi kuuona.

Lakini Bi Sikudhani alikuwa bibi mwenye tanuri, na mbele yake palikuwa na kijiji kizima. Kurudi nyuma mbele ya kijiji kizima ni kazi nzito kuliko mchi. "Sheria haijui pete," akasema. "Sheria inajua mlio. Kilicholia pwo kinavunjwa." Akauinua mchi.

Hapo Mwatumu alifanya jambo ambalo Kigaeni hawakuwahi kuliona. Alimzunguka Bi Sikudhani, akasema, "Niwie radhi, bibi," akamgonga mgongoni kwa kifundo cha kidole.

Semeni nami.

— Pwo.

"Umelia pwo," Mwatumu akasema. Akajigonga kifuani. Pwo. "Nami nimelia pwo." Akamgeukia yule mwanamke aliyemwita mjeuri. "Wewe nawe, mama, nikugonge?"

"Usinisogelee," yule mwanamke akasema.

Kanga akaruka juu ya ukuta. "Mimi msiniguse. Mimi sijasema kitu tangu asubuhi."

Sasa watu walicheka, na hawakujiziba midomo. Mwatumu hakucheka. Alipiga magoti, akauweka mkono wake juu ya gamba, juu ya ufa, vidole vimetanuka.

"Vunja, bibi. Lakini anza na huu mkono, maana uko juu. Ukimaliza mkono, fuata mimi. Ukinimaliza mimi, fuata wote waliomo uwanjani, kwa maana hamna hata mmoja humu atakayelia ngiii."

Mchi ukabaki hewani. Bi Sikudhani akautazama ule mkono. Ulikuwa na kovu la moto wa tanuri, kama mkono wake mwenyewe, kama mikono yote ya wanawake wa Kigaeni.

Kenge hakuweza kungoja zaidi. Kenge, kama mjuavyo, hasikii mpaka aone damu. Akajipenyeza hadi ubavuni mwa Kobe, akageuka kujipimia nafasi, akisema, "Fanyeni haraka, jamani, chakula kinapoa."

Mkia wake ukapita mbele ya mlango wa gamba. Kichwa cha Kobe kikatoka. Kap. Kobe akauma, na Kobe akiuma haachii.

Kenge akapiga kelele. Akavuta, akavuta, akavuta. Aliponasuka, ncha ya mkia ilibaki mdomoni mwa Kobe, na Kenge alikimbia akapita tanuri, akapita jaa, akapita shamba la mwisho. Hakurudi. Ndiyo maana hadi leo Kenge akisikia tu mlango ukifunguliwa, hutimua mbio bila kuuliza nani.

Kobe akatema ile ncha. "Hainifai," akasema. "Mimi nakula mchunga."

Bi Sikudhani akaushusha mchi polepole. Akaupumzisha chini.

"Nimefinyanga miaka hamsini," akasema, "chombo hakijaniuma." Akamgeukia Mwatumu. "Huyu si chombo. Mchukue."

"Nakunyanyua," Mwatumu akamwambia Kobe.

"Ngoja," Bi Sikudhani akasema. Uso wake ulikuwa mgumu bado. "Kuhusu Kobe nimekosea. Kuhusu nta sikukosea. Nilisema mitungi yako haitaingia tanurini mwangu, na haitaingia. Na leo umenigonga mbele ya watu."

"Nimekugonga, bibi."

"Huombi msamaha?"

"Kwa nta nimekwisha kukiri kosa. Kwa kukugonga nilikuomba radhi kabla. Kwa Kobe siombi."

Akamnyanyua Kobe, akajitwika mtungi wake, akarudi kwa njia ile ile kuu.

Asubuhi yake, Ijumaa, kabla tanuri la kijiji halijawashwa, Mwatumu alitoka na jembe. Alitangulia kumwambia Kobe, "Nashika jembe, nitakuwa mbali nawe hatua ishirini." Kobe akasema, "Ishirini na tano." Basi akamwacha hatua ishirini na tano nyuma yake.

Akaenda jaani, ambapo sasa hapakuwa na mwenyewe. Akachimba shimo, upana hatua nne, kina cha goti. Akatandika kuni, akatandika samadi kavu, akatandika majani. Akaipanga mitungi yake kumi na moja, mdomo chini, usiguse mmoja mwenzake. Akaihesabu mara moja tu.

Kisha akaanza kuokota vigae. Akaokota vya mitungi iliyovunjwa mwaka huo, akaokota vya mitungi iliyovunjwa kabla hajazaliwa, akavipanga juu ya mitungi yake, kimoja juu ya kingine, mpaka vikaifunika yote kama magamba. Maana kigae kimekwisha kupita motoni, hakiogopi moto. Hukaa kati ya mwali na mtungi mbichi, joto likapita taratibu, mtungi usipasuke.

Wanawake watatu walikuwa wamesimama njiani, kila mmoja na mtungi wake mbichi kichwani, hawajaamua waelekee upande gani. Mwatumu aliwaona. Hakuwaita. Akainama, akawasha moto.

Jamani, mafunzo ya hadithi hii ni haya. Usimpime aliye hai kwa kipimo cha udongo. Kovu si ufa, na aliyepona hadaiwi kuonekana kama hajawahi kuumia. Na ukimpokea mtu aliyekataliwa kwingine, mpokee mchana, kwa mlango wa mbele, hata kama magoti yanakutetemeka.

Nami hadithi nimeitua hapa chini. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda airuke aende zake.